Pareto, Ufuta na Nzi wa Taveta

Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, shabaha yao ikiwa Taveta, mji mdogo wa mpakani ambao Wajerumani walikuwa wameuteka Agosti mwaka uliotangulia. Reli ilipita Bura, ikafika Maktau, ikajipenyeza katika nyika isiyo na maji, na kila iliposimama pakazuka kambi. Walikuwepo askari wa Uingereza, wa India, wa Afrika Kusini na wa King's African Rifles, pamoja na maelfu ya wapagazi wa Kariakoo, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi, na punda, nyumbu, farasi na ng'ombe wao. Mahali penye watu na wanyama wengi namna hiyo, penye vyoo vya kuchimbwa kwa haraka na mizoga iliyoachwa juani, jeshi jingine lilijiandikisha lenyewe bila kuitwa. Lilikuwa la nzi.

Vitabu vya vita hivyo vimejaa majina ya vilima. Kuna Salaita, ambako Waafrika Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916. Kuna Latema na Reata, ambako mwezi mmoja baadaye majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalipigana usiku kucha yakafungua njia ya kuingia Moshi. Lakini ukiuliza nini kilichowaua watu wengi zaidi katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, jibu si risasi. Malaria na kuhara damu viliua kuliko bunduki, na wapagazi ndio walioumia kupita wote: waliokufa miongoni mwa wale waliochukuliwa kutoka nchi iliyokuja kuitwa Kenya walizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi. Malaria ililetwa na mbu. Kuhara damu kulikuwa na njia kadhaa, na mojawapo ilikuwa nzi, anayetoka chooni akatua kwenye ugali bila kunawa miguu.

Majeshi ya wakati huo yalipambana na nzi kwa mashimo marefu, chokaa, karatasi zenye gundi, na vibakuli vya formalini iliyotiwa sukari. Dawa halisi ya wadudu aliyokuwa nayo askari wa Kiingereza mkobani ilikuwa unga wa Keating's, uliouzwa tangu enzi ya Malkia Victoria, nao haukuwa na kemikali yoyote ya kiwandani. Ulikuwa maua makavu yaliyosagwa. Askari aliunyunyiza kwenye nguo kuwafukuza chawa na viroboto. Maua yenyewe yalitoka Dalmatia, pwani ya bahari ya Adriatiki, nchi ambayo mwaka 1914 ilikuwa mikononi mwa Austria-Hungaria, yaani adui. Biashara ikahamia Japani, na Japani ikaishikilia kwa miaka zaidi ya ishirini.

Ua hilo ndilo pareto.

Mbegu zake zililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na jina linalotajwa sana katika habari hiyo ni la mlowezi mmoja, Kapteni Gilbert Walker. Nyanda za juu za Molo, Nakuru na Kinangop zililipokea ua hilo kama mgeni aliyekuwa akisubiriwa. Huko Dalmatia na Japani pareto huchanua msimu mmoja tu. Karibu na ikweta, mahali penye baridi ya usiku, huchanua sehemu kubwa ya mwaka, na mchumaji hurudi shambani kila baada ya wiki mbili hivi. Kiini chake nacho kilikuwa kikali zaidi: ua kavu la Kenya lilibeba karibu asilimia 1.3 ya uzito wake kwa sumu ya wadudu, wakati la Japani lilikuwa chini ya hapo. Shehena za kwanza ziliuzwa nje mwaka 1933. Vita vya pili vilipopamba moto na Japani ikawa upande wa pili, Kenya ndiyo ilikuwa ikiyalisha majeshi ya Waingereza na Wamarekani pareto.

Taveta hakukuota hata shina moja la maana. Mji uko mita 750 hivi juu ya bahari, na joto lake haliruhusu ua hilo kufanya matumba. Uchumi wa huko ulijengwa juu ya ndizi za wenyeji, zilizokuwa zikiwalisha watu wa misafara tangu kabla ya Charles New kupita hapo mwaka 1871, na baadaye juu ya mkonge wa Ewart Grogan, yule mzungu aliyejipatia sifa kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, ambaye jumba lake la kilimani lingali likitazama mashamba. Taveta ilikuwa mahali pa kutumia dawa, si pa kuizalisha. Hali hiyo haijabadilika sana.

Sasa turudi kwa nzi, maana kuna jambo ambalo watengenezaji wa dawa walilijua mapema na hawakupenda kulitangaza.

Kufikia miaka ya 1920, pareto haikuwa tena unga tu. Kiini chake kilikamuliwa, kikayeyushwa katika mafuta ya taa, kikauzwa kwenye kopo pamoja na bomba la kupulizia la mkono. Flit, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1923, ilienea hadi jina lake likawa jina la bomba lenyewe katika nchi nyingi. Ukimpulizia nzi mchanganyiko huo, anaanguka hapo hapo. Anazunguka kwa mgongo, anapiga mabawa, ananyamaza. Mwenye nyumba anafurahi. Kesho yake asubuhi, sehemu ya wale nzi waliofagiliwa kando ya mlango wamekwisha kuinuka na kuondoka.

Wamarekani walikuwa na chumba maalumu cha kupimia jambo hili, kilichopewa mwaka 1928 majina ya waliokibuni, Peet na Grady. Ni sanduku kubwa la ujazo wa futi sita kila upande, linalotiwa nzi mia kadhaa, likapuliziwa dawa kwa kipimo. Walioanguka huhesabiwa baada ya dakika kumi. Waliokufa huhesabiwa kesho yake. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ndilo lililokuwa aibu ya pareto, na kulipunguza kwa kuongeza maua kulimaanisha kopo ghali ambalo hakuna angelinunua.

Kwa nini nzi huinuka? Kemia ya pareto ilikuwa imeanza kufumbuliwa huko Zurich na Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, waliochapisha matokeo yao mwaka 1924, na wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi nyingine. Sumu hii, ambayo leo inajulikana kuwa na viambato sita vya jamaa moja, hugusa mishipa ya fahamu ya mdudu na kuizuia isitulie. Ndiyo sababu nzi hutetemeka kwanza, kisha huanguka. Lakini mwili wake una vimeng'enya vinavyoshambulia kitu kigeni na kukivunja vipande visivyo na madhara. Kwa pareto vimeng'enya hivyo hufanya kazi upesi. Nzi aliyelala chali anapambana, na mara nyingi hushinda.

Jibu lilitoka kwenye ufuta.

Mwaka 1940 Mmarekani Craig Eagleson alipewa hataza ya kuchanganya mafuta ya ufuta na pareto. Alikuwa amejaribu mafuta mengi, ya mimea na ya wanyama, na ufuta ukajitenga na mengine yote. Wenyewe haukuua nzi. Ukitiwa ndani ya pareto, nzi walioanguka hawakuinuka tena kwa wingi ule, na maua yaliyohitajika yalipungua. Miaka miwili baadaye wanakemia wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Haller, LaForge na Sullivan, walionyesha kwamba nguvu hiyo haikutoka katika mafuta yenyewe bali katika kitu kidogo kilichoyeyuka ndani yake, sesamini. Mwaka 1954 Morton Beroza akaongeza kwamba ndugu yake, sesamolini, alikuwa na nguvu zaidi.

Kwa watu wa pwani yetu habari hii ina ladha ya pekee. Ufuta ulikuwa zao la kawaida kuanzia Lamu na Tana hadi Kilwa na Lindi. Mombasa, Lamu na Unguja zilikuwa na vinu ambamo ngamia aliyefungwa macho alizunguka mchana kutwa akikamua uto wa kupikia na wa kujipaka mwilini. Wakati huohuo, kilomita mia kadhaa bara, walowezi na vibarua wao walikuwa wakikausha pareto kwa ajili ya soko la ng'ambo. Vitu viwili vilivyokuja kukutana katika maabara za Marekani vilikuwa vikikua chini ya serikali moja ya kikoloni, vikiunganishwa na reli moja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvitia katika chombo kimoja. Sioni haja ya kumlaumu mtu. Ila ni vigumu kuitazama ramani ile bila kutikisa kichwa.

Vita viliupa ugunduzi huo kazi mara moja. Lyle Goodhue na William Sullivan, wote wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walibuni kopo la chuma lenye gesi iliyoshindiliwa, ambalo ukilifungua hutoa ukungu mwembamba sana unaoelea hewani. Hataza ilitoka mwaka 1943. Ndani ya kopo mlikuwa na gesi ya Freon, pareto na mafuta ya ufuta. Mamilioni ya makopo hayo yalipelekwa kwa askari wa Marekani waliokuwa wakiugua malaria katika visiwa vya Pasifiki. Kila kopo la dawa ya kupuliza linalouzwa dukani Voi leo, liwe la mbu au la mende, ni mjukuu wa kopo lile.

Wanakemia walipochunguza umbo la sesamini waliona pambo moja dogo: pete ya kaboni sita, na ubavuni mwake daraja lenye oksijeni mbili. Wakaanza kulitafuta pambo hilo kwingine, na wakalikuta jikoni. Lipo katika piperini, ile inayoipa pilipili manga ukali wake. Mwaka 1943 watafiti wa Taasisi ya Boyce Thompson huko Yonkers, New York, waliripoti kwamba piperini iliwadhuru nzi wa nyumbani na iliipa pareto nguvu. Lipo katika miristisini ya kungumanga. Lipo katika mbegu za bizari na za kotimiri ya Kizungu. Mwaka 1963 Lichtenstein na Casida walilipata hata katika mzizi unaoliwa Ulaya kama karoti nyeupe, na wakaonyesha kwamba mmea ule ulibeba sumu na kiongeza nguvu chake kwa pamoja. Mmea hauwezi kukimbia unapotafunwa, kwa hiyo una faida kubwa ukiweza kumnyang'anya mdudu dawa yake ya kujitibu. Kapu la viungo la Unguja, kwa maneno mengine, lilikuwa ghala la silaha hizo kabla ya mwanadamu kujua zinavyofanya kazi.

Namna zinavyofanya kazi ilieleweka kidogo kidogo, na hatua kubwa ilikuja mwaka 1960 Sun na Johnson walipoonyesha kwamba vitu hivi huvizuia vile vimeng'enya vya nzi visivunje sumu. Kiongeza nguvu humshika mlinzi mikono, na pareto inapita.

Hata hivyo ufuta haukudumu kazini. Ni chakula, na bei yake hupanda na kushuka kama ya chakula. Mafuta yake hunata na huacha doa ukutani. Mwaka 1947 Herman Wachs, mwanakemia wa kampuni ya Dodge & Olcott ya New York, alitangaza kitu chenye pambo lile lile lakini kilichotengenezwa kiwandani: piperonili butoksidi, ambayo wauzaji wa dawa huiita PBO. Wengine huisema kuwa ni kemikali tupu, na wengine huiita ya mimea. Ukweli uko katikati. Malighafi yake ilikuwa safroli, mafuta yenye harufu nzuri yaliyokamuliwa kutoka katika miti, hasa ya Brazili na ya Asia, kisha kiwanda kikamalizia umbo. Kwa kawaida sehemu moja ya kiini cha pareto hutiwa sehemu tano hadi kumi za PBO.

Hapa mkulima wa Molo alikuwa na haki ya kuuliza swali. Kama kopo moja sasa linahitaji maua machache kuliko zamani, je, huyu ni msaidizi wa pareto au ni mshindani wake? Jibu lilitegemea kilichokuwa kikitokea upande wa pili wa soko. DDT ilikuwa imeingia kwa kishindo tangu 1945. Ilikuwa rahisi, ilikaa ukutani kwa miezi, na ilimuua nzi moja kwa moja. Bila PBO, pareto ingekuwa ghali kiasi cha kusahauliwa. Bodi ya Pareto ya Kenya iliyokuwa na makao Nakuru ililielewa hilo, na jarida lake la Pyrethrum Post, lililoanza 1948, lilirudi mara kwa mara kwenye habari za viongeza nguvu. Mwaka 1949 ukaja mtihani mwingine, aletrini, pareto ya kwanza ya kutengenezwa maabara. Na hapo maumbile yaliwafanyia wakulima wa Kenya hisani: PBO iliipa nguvu pareto ya shambani zaidi ya ilivyoipa aletrini. Ua lilibaki sokoni.

Wakati huohuo nzi wa nyumbani walikuwa wakifundisha dunia somo ambalo mbu wangekuja kulirudia. Mwaka 1946, DDT ikiwa bado mpya, nzi wa Sweden walianza kuonekana hawadhuriki. Italia ikafuata. Nzi huzaa kizazi kipya ndani ya wiki mbili au tatu, kwa hiyo usugu huenea kwao upesi.

Taveta nayo ilipata somo lake, ingawa mdudu aliyelengwa alikuwa mwingine. Mwaka 1954 ulianzishwa mradi wa malaria wa Pare na Taveta, uliovuka mpaka wa Kenya na Tanganyika na kusimamiwa na taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara. Eneo lilichaguliwa kwa busara. Chini ya milima ya Pare na kando ya mto Lumi, chemchemi za Njoro na ziwa Jipe, maji hayakauki, na malaria haikuwa na msimu. Kuanzia 1955 hadi 1959 vikosi vya wapulizaji viliingia nyumba hadi nyumba na mabomba yao, vikapaka kuta na mapaa sumu ya kiwandani iitwayo dieldrini.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini dieldrini, na si pareto iliyokuwa ikilimwa nchini humohumo. Sababu ni jua. Kiini cha pareto huvunjika kikipigwa na mwanga na hewa, mara nyingi ndani ya saa chache. Sifa hiyo ndiyo inayoifanya salama karibu na chakula, na ndiyo iliyoifanya isifae kwa ukuta. Mradi ulitaka dawa ya kukaa miezi, ili wapulizaji wasirudi kila wiki. PBO huongeza ukali wa pareto, haiongezi umri wake kiasi hicho.

Matokeo ya mwanzo yalikuwa makubwa. Mbu aina ya Anopheles funestus, anayependa kulala ndani ya nyumba baada ya kunywa damu, alitoweka karibu kabisa. Watoto walio na vimelea walipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Kisha M. T. Gillies na Alec Smith wakagundua jambo lisilotarajiwa, wakalichapisha mwaka 1960: nafasi ya funestus ilikuwa imechukuliwa na ndugu yake, Anopheles rivulorum, mbu anayefanana naye hata mtaalamu akahitaji darubini kuwatenganisha, lakini ambaye huuma zaidi ng'ombe. Umemfukuza mpangaji mmoja, na mwingine amehamia chumba kilekile. Upuliziaji uliposimamishwa, funestus alirudi, na malaria ikarudi naye. Watafiti waliendelea kuwafuatilia watu wa eneo hilo kwa miaka mingi, na ndiyo maana jina la Taveta hukutwa katika maandishi ya malaria hadi leo. Dieldrini yenyewe iliishia katika orodha ya kwanza ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001.

Wenyeji wa pande zote mbili za mpaka walikuwa na njia zao kabla ya bomba na baada yake. Utafiti wa Eliningaya Kweka na wenzake, uliochapishwa 2008, uliwakuta watu wa kaskazini mashariki mwa Tanzania wakichoma au kutundika majani ya jamii ya kivumbasha ndani ya nyumba, ikiwemo aina moja ambayo wanabotania waliipa jina la Kilimanjaro wenyewe. Majani hayo hufukuza zaidi kuliko kuua. Kwa anayetaka kulala usingizi, tofauti hiyo si kubwa.

Kuanzia miaka ya 1970 mambo yalibadilika tena. Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permetrini, pareto ya maabara isiyoogopa jua. Umbo lake lilinakiliwa kutoka kwa ua, likarekebishwa. Jamii hiyo ya dawa ndiyo iliyotiwa katika vyandarua vilivyogawiwa Afrika kwa mamilioni tangu mwanzo wa karne hii, na mbu nao wakafanya kama nzi wa Sweden: wakazoea. Wengi wao walizoea kwa njia ya vimeng'enya vilevile ambavyo Sun na Johnson walivizungumzia.

Kwa hiyo msaidizi akaitwa tena, safari hii ndani ya uzi. Vyandarua vyenye permetrini na PBO pamoja vilitengenezwa, na baadhi yake vilifumwa karibu kuliko mtu anavyodhani. Ukivuka mpaka kutoka Taveta kuingia Holili, ukapita Moshi, ndani ya kilomita 120 hivi unafika Arusha, kwenye kiwanda cha A to Z, ambacho tangu 2003 kimekuwa kikitengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani. Majaribio makubwa ya vyandarua vya PBO yalifanywa Muleba, mkoani Kagera, na matokeo yake yaliyochapishwa 2018 yalionyesha watoto wenye malaria wakiwa wachache waziwazi katika vijiji vilivyopewa vyandarua hivyo kuliko katika vijiji vilivyopewa vya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeyapokea matokeo ya awali na mwaka 2017 likaruhusu vitumike mahali penye mbu sugu. Uganda ilifanya jaribio lake, kubwa zaidi, na ikapata jibu la mwelekeo huohuo.

Wakati PBO ikipanda cheo, ua lililoipa sifa hiyo lilianguka Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hii ilikuwa bado inatoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia. Miaka iliyofuata malipo kwa wakulima yalicheleweshwa, wengi waling'oa mashina wakapanda viazi, na Tasmania, kisiwa cha Australia kinachovuna kwa mashine, ikachukua kiti. Tanzania, kupitia mashamba madogo ya Iringa na Mbeya na kiwanda cha Mafinga, ikapita Kenya pia. Sheria ya Pareto ya 2013 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na mashamba yamerudi taratibu katika kaunti za Nakuru na Nyandarua.

Safroli nayo ina matatizo yake. Kwa kuwa inaweza kugeuzwa kuwa dawa ya kulevya ya ecstasy, serikali nyingi huichunga, na mwaka 2008 polisi wa Kambodia walichoma tani kadhaa za mafuta hayo yaliyokamuliwa kwa kukata miti ya milima ya Cardamom. Tangu hapo hamu ya kutafuta viongeza nguvu kutoka kwa mimea inayolimwa, si inayokatwa msituni, imekua. Brazili imechunguza dilapioli kutoka kwa kichaka cha jamii ya pilipili manga. Ufuta, bizari na piperini vimerudi katika maabara.

Msukumo mwingine unatoka shambani, na hapa Taveta inaingia tena, kwa sababu ya nzi wa aina nyingine kabisa. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye sasa anaitwa Bactrocera dorsalis, aligunduliwa pwani ya Kenya. Hutaga mayai ndani ya embe, na funza huila kutoka ndani. Kufikia 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu yake. Wataalamu wa icipe, kituo cha wadudu kilichoko Nairobi, walimfuata hadi kwenye miteremko ya Taita na ya Kilimanjaro, wakapima jinsi anavyopanda mlima kufuata maparachichi kadiri joto linavyopanda. Silaha yao kuu dhidi ya dume ni methili eujinoli, harufu inayopatikana katika majani ya jamii ya rehani. Dume huifuata bila kufikiri mpaka ndani ya mtego wenye sumu. Hiki si kiongeza nguvu kwa maana ya ufuta, kwa kuwa hakimdhoofishi nzi. Humleta tu mahali sumu ilipo, na hilo nalo hupunguza dawa inayohitajika.

Soko la Taveta hujaa Jumatano na Jumamosi, na maembe na maparachichi ya kutoka pande zote mbili za mpaka hupita hapo kuelekea Mombasa na Nairobi. Kwa mkulima anayeuza sokoni humo, dawa ya pareto yenye PBO inafaa na inaruhusiwa. Anayelenga cheti cha kilimo hai cha Marekani hukuta mambo mengine: pareto inakubaliwa, PBO inakataliwa, kwa kuwa umbo lake la mwisho ni la kiwandani. Kwa mkulima huyo swali la Eagleson la mwaka 1940 liko palepale. Mafuta ya ufuta yangeweza kuchukua nafasi hiyo, lakini mbegu za ufuta za Lindi na Mtwara zina wanunuzi wa Asia wanaozitaka kwa kula, na bei wanayotoa si ya kuchezea nzi. Kinachobaki ni mtego wa harufu, matunda yaliyooza kuokotwa na kuzikwa kila siku, na pareto tupu inayopuliziwa jioni, jua likishazama na mwanga wake ukawa hauwezi tena kuivunja.